Pete Nyeupe Inapogeuka Manjano

Sisi akina mama tuliovishwa pete za dhahabu nyeupe tunaujua uchungu huu: baada ya miaka michache ya kufua na kuosha vyombo, pete inaanza kugeuka manjano. Tusimshuku mume kwamba alinunua bandia. Dhahabu kwa asili ni ya manjano. Huchanganywa na nikeli au paladiamu, kisha aghalabu hupakwa rodiamu ili ing'ae, na mpako huo huchakaa. Sonara anaweza kuipaka upya. Lakini muuzaji anapaswa kutueleza haya kabla hatujalipa. Hapa Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari, na ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Dada wapendwa, tutunze risiti, tuulize kwa upole. Kudai haki si kukosa unyenyekevu.