Kumbe na kitabu kinataka viza!

Jamani wasomaji, mie nilidhani viza wanaombwa binadamu tu. Kumbe hata kitabu!

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Leicester, Uingereza. Enzi zile tuko Tandika tulikuwa tunasoma riwaya moja watu wawili. Yeye akimaliza ukurasa ananisubiri, ndipo anafunua. Mwezi uliopita akapiga simu: "Mdogo wangu, nimepata riwaya tamu, ipo ya kusomea kwenye simu. Inunue, Jumapili tuizungumze."

Basi bwana, nikatia hela kwenye kadi, nikaingia duka la mtandaoni, nikabonyeza kununua. Jibu: kitabu hiki hakiuzwi katika nchi yako. Ebo! Dada akajaribu kuninunulia kama zawadi. Ikagoma vilevile.

Muuza vitabu vya mitumba wa kijiweni kwetu ndiye aliyenifumbua macho. Mwandishi huuza haki ya kukiuza kitabu chake kwa maeneo. Mchapaji huyu anapewa Marekani, yule anapewa Uingereza na Jumuiya ya Madola. Eneo lisilo na mwenye haki, duka haliruhusiwi kuuza huko. Mambo yenyewe ya kale: mwaka 1947 wachapaji wa Uingereza waliwekeana mkataba wa kujihifadhia soko la nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Ulivunjwa 1976, baada ya serikali ya Marekani kuwafikisha mahakamani wachapaji wa kwao walioufuata. Mkataba ukafa, mipaka ikabaki.

Cha ajabu, kitabu cha karatasi mtu akikitia kwenye begi lake, kinashuka naye uwanja wa ndege bila kuulizwa. Hiki kisicho na hata uzito wa gramu ndicho kinachozuiwa!

Usiku uleule mshikaji akanirushia nakala ya wizi. Bure. Nyie acheni tu! Nikasoma kurasa tatu, roho ikanisuta. Mimi mwenye hela mkononi nimefukuzwa dukani, mwizi ndiye kanifungulia mlango. Na mwandishi je? Haambulii hata senti. Nikaifuta.

Sasa kila Jumapili dada ananisomea sura moja kwa simu. Nikimwambia "subiri kwanza", anasubiri. Halafu nasikia, "Haya, nafunua."