Safari ya Msimbati

Ndugu msomaji, umepata kufika Msimbati? Ni kijiji cha pwani, kusini mashariki ya Mtwara mjini, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Pwani yake ina mchanga mweupe na minazi mingi. Mama yangu mkubwa anakaa huko.

Mwaka jana nilipanga kwenda kumwona, mimi na watoto. Tulikodi gari kwa siku moja. Nikasema, kwanza tuone Mikindani, mji wa zamani. Watoto waliliona boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Walifurahi sana. Lakini Mikindani iko upande mwingine wa Mtwara, kilometa 10 hivi. Asubuhi yote ikaisha.

Tukarudi Mtwara, tukapita Madimba. Karibu na Msimbati gari likakwama mchangani. Dereva alikuwa mgeni wa njia ile, wala hatukuchukua jembe. Tulichimba kwa mikono. Nawe ukienda, uliza kwanza habari za mchanga huo.

Tulifika jua linazama. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wali umepoa."

Dereva akapiga honi. Tulikaa naye nusu saa tu, baada ya miaka sita.

Mwaka huu tunakwenda tena. Tutaondoka alfajiri, Msimbati kwanza, na tutalala huko. Dereva nimekwisha mpata, kijana wa Madimba. Jembe nimeliweka tayari.