Inchi Moja ya Babu

Akina mama wenzetu, tukisikia neno vipimo, mawazo yetu huenda kwenye kibaba cha mchele, kifua na kiuno cha mteja, au dawa ya mtoto, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Lakini mwaka jana sisi wakwe wawili, tulioolewa na ndugu wa tumbo moja na kuishi katika ua mmoja, tulijikuta tukipima katapila. Tulipima katapila kubwa lenye kutu na mfano wake mdogo wa bati, na pale palikuwa na heshima ya mzee wetu.

Baba mkwe wetu, ambaye wajukuu humwita Babu, alizaliwa mwaka 1937. Kuanzia mwaka 1958 aliendesha katapila katika shamba moja la mkonge huko Korogwe, aina ya Caterpillar D4. Alichonga barabara za shamba, aling'oa visiki na kuvuta majembe makubwa. Kwa miaka mingi watoto wetu wamelala kwa hadithi za katapila hilo kama wengine wanavyolala kwa hadithi za sungura na fisi. Sasa macho yake yamechukuliwa na presha ya macho. Anatambua mwanga wa mlangoni, basi.

Elia, kijana wetu wa pili, ni fundi wa kuchomelea. Alisema Babu hawezi tena kuona, lakini vidole vyake vinaona. Akaamua kumtengenezea katapila lake, dogo la kupakatwa, ili alishike kabla hajaondoka duniani. Kwa miezi mitano alikata makopo ya maziwa ya unga, akanyoosha spoku za baiskeli na kutuibia pini zetu za kushonea ili vichwa vyake viwe vichwa vya bolti. Mchoro aliupata katika kitabu cha zamani cha matrekta alichopewa na rafiki yake. Hatukumwona kijana huyu akifanya kazi kwa utulivu kama ule tangu alipomaliza shule.

Siku alipomkabidhi, Babu aliweka viganja vyake juu ya minyororo, kimoja kushoto na kimoja kulia, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, ni kazi nzuri, lakini hili si langu. Hili ni jembamba. Hili lingenipindua siku ya kwanza."

Elia aliondoka bila kuaga. Alikuwa amefuata mchoro kwa milimita, na alijua hivyo. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, hajakanyaga chumbani kwa babu yake. Tungeweza kusema ni hasira za ujana na zitakwisha. Lakini mmoja wa shemeji zetu alilichukua jambo hilo akalipeleka mbali. Alisema sasa imeonekana wazi kwamba Mzee kumbukumbu zimemtoka, hata trekta lake halijui, na kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuendelea kuamua mambo ya shamba la ukoo. Maneno hayo yalisemwa barazani, na Baba aliyasikia. Mtu asiyeona husikia sana. Usiku ule hakula.

Wanaume walikuwa wanabishana juu ya akili ya Mzee, na hakuna aliyefikiria kwenda kupima. Sisi ni mafundi cherehani. Tukisikia nguo inabana, hatumuulizi mteja kama ana akili timamu. Tunachukua futi.

Kwanza tulimwita Elia atufundishe hesabu ya mfano wake. Alisema ni moja kwa kumi na sita: kila urefu wa katapila halisi umegawanywa kwa 16. Tulimwelewa upesi, maana ndiyo kazi yetu tunapotoa kielelezo kidogo cha karatasi kabla ya kukata kitambaa. Ila alituongezea jambo ambalo hatukulijua. Urefu ukigawanywa kwa 16, eneo la bati linagawanywa kwa 256, na uzito kwa 4,096. Katapila la D4 lina uzito wa karibu tani tano, kwa hiyo mfano wake kama ungekuwa wa chuma kilekile na umejaa vilevile, ungekuwa na kilo moja na robo hivi. Tukaupima kwenye mizani ya dukani. Ulikuwa na gramu mia tisa, nasi tukaona si haba kwa kitu chenye injini ya mti mtupu.

Halafu tukaangalia ni kosa kiasi gani linaweza kuvumiliwa. Milimita moja ya mfano ni milimita 16 za katapila lenyewe, zaidi ya unene wa kidole. Kwa hiyo Elia alikuwa amejiwekea nusu milimita tu. Katika unene wa bati hakuweza. Bati la kopo, jembamba kama lilivyo, ukilizidisha mara 16 linakuwa nene kuliko kifuniko halisi cha injini. Hilo halitibiki, na kwa maoni yetu halimdhuru mtu, mradi kingo zimekunjwa vizuri.

Tukapanda basi kwenda Korogwe. Tuliambiwa kwamba katapila la zamani limelala nyuma ya karakana iliyofungwa, na mlinzi, baba mmoja mpole, akatupeleka. Lilikuwa limezama kwenye majani hadi nusu ya mnyororo, mti wa mwarobaini umeota pembeni yake. Kiti hakipo, bomba la moshi halipo, rejeta imeng'olewa na wanaouza vyuma chakavu. Elia alikuwa ametuonya: msipime kimo kwa bomba la moshi, maana hubadilishwa, wala msipime pingili za mnyororo, kwa sababu pini zikila, mnyororo hurefuka. Pimeni kisicholika.

Kisicholika ni upana kati ya mnyororo na mnyororo, yaani kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Lakini katikati ya chuma chenye kutu utaipataje? Hapo ushonaji ulitusaidia. Tulipima kutoka ukingo wa nje wa mnyororo wa kushoto hadi ukingo wa ndani wa mnyororo wa kulia. Kwa kuwa minyororo ina upana sawa, kipimo hicho ni sawasawa na katikati hadi katikati. Ndivyo tunavyopima nafasi kati ya vifungo viwili vya blauzi.

Futi yetu ya kitambaa tulikuwa tumeilinganisha kwanza na rula ya chuma, maana futi hizi huvutika. Upande wa inchi unaishia 60. Tuliivuta, mmoja huku na mmoja kule, na futi ikaishia palepale ukingo wa mnyororo ulipo. Inchi 60. Tulirudia mara tatu, mbele, katikati na nyuma, tukapata hiyohiyo.

Mfano wa Elia, ukipimwa hivyo hivyo, ulikuwa na milimita 70. Mara 16 ni milimita 1,120, ambazo ni inchi 44. Tulitazamana.

Jibu lilikuwa kwenye kibao cha namba. Tulikisugua kwa mafuta ya taa na kitambaa cha kanga hadi herufi zikaonekana: namba ilianza na 7U. Kwenye kitabu cha Elia, chini ya mchoro, imeandikwa 6U. Kumbe kuanzia mwaka 1947 hadi 1959 kiwanda kilitoa D4 za upana wa aina mbili. Zile za 6U zilikuwa za inchi 44, nyembamba za kupita kati ya mistari ya miti ya matunda. Zile za 7U zilikuwa za inchi 60, zinazosimama imara kwenye mteremko. Elia alikuwa amejenga katapila sahihi kabisa, lakini la mtu mwingine. Na Babu, kwa viganja vyake viwili, alikuwa amehisi tofauti ya inchi 16 iliyopunguzwa mara 16, yaani inchi moja kamili, baada ya miaka zaidi ya sitini.

Tulipomsomea Elia namba hizo kwa simu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mama, mlipima mara ngapi?" Tukamwambia mara tatu. Akasema, "Basi ni lake."

Jina lenyewe la katapila, Elia alitusimulia baadaye, maana yake ni kiwavi. Huko Stockton, California, mwaka 1904, Benjamin Holt alijaribu trekta la mvuke lililoondolewa magurudumu na kufungwa minyororo, kwa sababu magurudumu yalikuwa yakizama katika udongo laini wa kule. Inasemekana mpiga picha aliyeliona ndiye aliyesema linatambaa kama kiwavi. Baba alipoelezwa hayo alicheka, akasema wao walikuwa na jina lao, Mla-visiki. Hapo hapo akaanza kutueleza mambo ya Kongwa, jinsi wazee waliomfundisha kazi walivyotumikia mpango wa karanga wa Waingereza, uliokoma mwaka 1951, na jinsi ardhi ya kule ilivyokuwa ngumu hata majembe yakavunjika. Shemeji yetu alikuwapo. Tulikuwa tumeiweka futi mezani, na karatasi yenye hesabu kando yake, wala hatukumwambia neno. Suala la shamba halijatajwa tena barazani. Mwezi uliofuata Baba ndiye aliyeamua mpaka upandwe minazi.

Elia aliukata mfano wake katikati kwa msumeno wa chuma. Inatia uchungu kuona kazi ya miezi mitano ikikatwa, nasi tulitoka nje. Aliongeza milimita 25 na nukta nne, akatengeneza upya ekseli na kiti kirefu, na safari hii Babu aliketi karibu naye kila jioni. Babu alimkumbusha injini ndogo ya petroli ya silinda mbili, iliyotangulia kuwashwa ili iwashe ile kubwa ya dizeli, ambayo kwenye mchoro ilikuwa imefichwa na kivuli. Alibishana naye juu ya urefu wa vishikio vya klachi hadi tukawaita kula mara tatu.

Sasa katapila limepakwa rangi ya njano na linakaa kwenye stuli karibu na kitanda cha Baba. Asubuhi tukimpelekea uji tunamkuta ameliweka mapajani, kiganja kimoja kushoto na kimoja kulia. Ana lalamiko moja tu, kwamba mto wa kiti ni mgumu. Tumemwahidi kipande cha ngozi laini kutoka kwenye mkoba wa zamani, na tumekwisha kukipima: milimita 60 kwa 25.