Kihisi cha Mkononi na Friji ya Mafuta ya Taa

Juzi mpwa wangu alinieleza kwamba kihisi chake cha sukari kimebanduka shambani, katikati ya mibuni, na kwamba si neno, kitatafutwa kingine. Kisha akauliza: "Mjomba, kwani babu alikuwa anavaa cha aina gani?" Ana miaka 17, amezaliwa hapa hapa Oldeani, na hakuna aliyewahi kumsimulia jinsi babu yake alivyoishi na kisukari. Lawama ni yetu wakubwa. Nimeona niandike.

Kadi ya kliniki ya baba inasema aligundulika 1979. Mama alishikilia hadi mwisho wake kwamba ilikuwa kabla vijana hawajaondoka kwenda vita vya Kagera. Sibishani. Ninachokumbuka vizuri ni harufu. Kila alfajiri mama alimimina dawa ya Benedict, ya rangi ya buluu, kwenye mrija wa kioo; baba akadondosha matone manane ya mkojo; nami nikaushika mrija kwa kibanio cha mti ndani ya maji yanayotokota. Dakika tano. Ikibaki buluu, baba alicheka na kuulizia uji. Ikigeuka kijani alinyamaza. Ikifika rangi ya tofali, nyumba nzima ilinyamaza. Jiko lilinuka mkojo na moshi wa mgrevilea, na majibu yenyewe yalikuwa ya sukari iliyokwisha kupita mwilini saa kadhaa nyuma.

Insulini ililala dukani. Mwenye duka alikuwa na friji ya mafuta ya taa, na humo, nyuma ya chupa za soda, ya baba ilisimama ndani ya kikombe cha bati. Hakutoza hata senti. Utambi ukitoa moshi baridi hupungua, kwa hiyo kila jioni aliukata kwa mkasi na kuusawazisha, akapiga magoti kuangalia kama moto ni wa buluu. Alfajiri alifungua dirisha la nyuma ili baba apate dozi yake kabla ya kengele ya shamba. Mafuta ya taa yalipoadimika, alificha debe moja la friji, na wateja wakamsema kwa ulanguzi. Hakujitetea, maana kujitetea kungemlazimu kutaja ugonjwa wa mtu mwingine. Sijaona tena uungwana wa namna ile. Nyumbani sindano ya kioo ilichemshwa, na ncha yake ikishakuwa butu, ilinolewa kwa jiwe.

Baadaye mambo yalikwenda mbio: Chama cha Kisukari Tanzania mwaka 1985, sindano za plastiki, kipimo cha tone la kidole, umeme, lami hadi geti la Ngorongoro, simu. Mwaka 2014 Ulaya walianza kuuza vihisi vya kukaa mkononi siku 14, na leo ndugu walioko nje wanavileta kwenye mabegi. Uzi wa milimita kama tano huingia chini ya ngozi na kupima sukari kwenye majimaji yanayozunguka chembe za mwili, dakika chache nyuma ya damu. Baba angelia kwa furaha.

Ndiyo maana kinachoniudhi ni kuona ajabu hiyo ikipotea kwa sababu ya mafuta ya mgando. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani, nani asiyejipaka mwili mzima? Gundi haishiki ngozi yenye mafuta. Juu yake huja sweta la kubana, kamba ya kapu la kahawa, jasho, vumbi jekundu, dodoki jioni. Mahali pa kukibandika paoshwe kwa sabuni, pafutwe kwa spiriti, pakauke kabisa. Kihisi kikae nyuma ya mkono wa juu, kamba isipopita, na upande usiolaliwa, maana kukilalia hukifanya kisome sukari chini kuliko ilivyo. Plasta izunguke kingo, tundu la katikati libaki wazi. Mkono wenye kihisi uwe wa kwanza kuvikwa sweta na wa mwisho kuvuliwa. Ukingo ukiinuka, ukatwe kwa mkasi na kufunikwa, usivutwe. Uzi ukishatoka, kihisi hicho hakirudishiki.

Leo friji za umeme ni nyingi kijijini, lakini nimeona mama mwenye kisukari akiambiwa vijiti vya kupimia sukari vimekwisha, akanunue mjini. Hakuna aliyepiga magoti kwa ajili yake.

Ndugu mnaotuma vihisi kutoka nje, tieni na plasta kwenye mzigo, pamoja na glukomita, kile kipimo cha tone la kidole, na vijiti vyake. Kihisi kikibanduka Jumamosi shambani, kabla kingine hakijafika, mtoto lazima ajue sukari yake usiku uleule.