Mbwa Aliamini Miguu Yangu

Jumamosi moja ya kiangazi, katika uwanja wa nyasi kusini mwa Uingereza, nilimfokea mbwa mbele ya watu. Si jambo la kujivunia kwa mtu anayelipwa mshahara kufundisha nadharia za uongozi.

Kahawa, mbwa wetu jike mwenye rangi ya jina lake, alikuja nyumbani kwa ajili ya binti yetu. Binti akaenda chuoni, mbwa akabaki nami. Nilikulia Moshi, ambako mbwa wetu alifungwa mchana na kufunguliwa usiku, na hakuna aliyemfundisha lolote. Ndugu zangu waliposikia kwamba nimeingia mashindano ya wepesi wa mbwa, walicheka mpaka simu ikakatika.

Mchezo wenyewe si wa kale. Ulionyeshwa katika maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1978, ukiiga mashindano ya farasi warukao viunzi. Mbwa huruka viunzi, hupita ndani ya handaki la kitambaa, huvuka ubao wa pembea na kupenya kati ya fito zilizosimikwa kwa mstari. Kiunzi kikianguka, mnahesabiwa makosa 5. Mbwa akiruka kiunzi kisicho zamu yake, mmeenguliwa. Mwenye mbwa hukimbia kando yake bila kamba, bila chakula mkononi, wala haruhusiwi kumgusa. Hubaki na sauti na mwili wake tu.

Kabla ya mbio, washindani huikagua njia bila mbwa. Niliikariri yote. Kahawa alianza vyema, na baada ya kiunzi cha 8 njia ilikata kushoto kuelekea handakini. Nikapaza sauti: "Handaki!" Yeye akaruka kiunzi kilichokuwa mbele yetu, cha 15. Mwamuzi akatoa ishara ya kutuengua. "Husikii?" nikafoka. Kahawa akalala chini, masikio yamelala.

Bibi mmoja aliyesimama kando ya uwanja akaniambia kwa upole, "Alikwenda ulikomwelekeza." Sikumwamini, hadi mke wangu aliponionyesha picha alizorekodi kwa simu. Mdomo wangu ulitaja handaki, lakini mabega yangu na ncha za viatu vyangu vilielekea kiunzi cha 15. Kati ya neno na mwenendo, mbwa alifuata mwenendo.

Usiku ule usingizi haukuja, wala si kwa sababu ya mbwa. Wiki mbili kabla nilikuwa nimesahihisha mtihani ulioniuliza maswali mimi mwenyewe bila kujua. Swali lilitaka wanafunzi waeleze kwa nini raia hutii sheria. Nilitarajia wazungumzie uhalali wa serikali. Zaidi ya nusu waliandika habari za polisi na magereza. Katika ripoti yangu niliandika kwamba hawasomi maswali. Asubuhi nilifungua mihadhara yangu ya muhula ule. Mitatu mfululizo ilihusu mabavu ya dola. Uhalali niliutaja kwa aya moja tu. Nikaiandikia bodi ya mitihani, nikakiri kosa langu, nikaomba swali lisahihishwe upya. Haikuwa barua nyepesi.

Tumezoea kusikia wakubwa wakilalamika kwamba wananchi hawaelekezeki. Lakini raia aliyehimizwa kubana matumizi, huku akipishwa barabarani ili msafara wa magari mapya upite, hajakaidi. Ameamini alichokiona. Nyani haoni kundule, na aongozaye ni wa mwisho kutazama viatu vyake vimeelekea wapi.

Mwananchi si mbwa, wala mwanafunzi si mbwa. Wao wana ulimi wa kuuliza, na hapo ndipo kosa letu linapokuwa zito zaidi. Kahawa hakuweza kuniambia kwamba nimempotosha. Wanafunzi wangu wangeweza, lau ningekuwa mwalimu ambaye huambiwa.

Mwezi uliofuata tulirudi uwanjani. Tulimaliza njia nzima kwa makosa 5, karibu na mkia wa orodha. Kiunzi kilichoanguka kilikuwa cha 8: nilichelewa kugeuka.