Alama ya X mgongoni mwa kiganja

Ukishuka kituo cha Tenleytown, kwenye njia nyekundu ya treni za chini ya ardhi za Washington, ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu hadi kilima cha Fort Reno. Hapo ndipo juu kuliko pengine pote katika jiji hilo, kama mita 125 kutoka usawa wa bahari, na tangu mwaka 1968 vijana wamekuwa wakipanda jukwaani pale jioni za kiangazi kupiga muziki bila kiingilio. Mara nyingi ni roki, tena ile ya haraka haraka na makelele mengi iitwayo panki.

Nilipelekwa na binamu yangu anayeishi Silver Spring, ng'ambo ya mpaka wa Maryland. Ana kijana wa miaka 15 aliyeacha mpira wa kikapu akashika gitaa la besi, na mama wa kijana ana wasiwasi ule ule ambao mzazi wa Mbagala angekuwa nao: muziki huo si wa wavuta bangi?

Tulikuta watu wametandika nguo kwenye majani, mabibi kwenye viti vya kukunja, watoto wachanga wamevalishwa vizuia kelele vikubwa kama vya mafundi wa uwanja wa ndege. Kanuni zinatangazwa wazi: pombe hapana, dawa za kulevya hapana, chupa za kioo hapana. Bendi ya kwanza walikuwa wasichana watatu, na sidhani kama mkubwa wao alifikisha miaka 17. Wimbo wa pili mpiga ngoma alipoteza mwendo. Wakasimama, wakacheka, wakaanza upya. Hakuna aliyezomea.

Jirani na kilima ipo sekondari iliyokuwa ikiitwa Woodrow Wilson, ambayo tangu 2022 inaitwa Jackson-Reed. Mwaka 1980 alimaliza pale kijana aitwaye Ian MacKaye, mpiga besi wa bendi ya Teen Idles. Kiangazi hicho yeye na wenzake walipanda basi hadi California kwenda kupiga Mabuhay Gardens, mgahawa wa Kifilipino mjini San Francisco uliokuwa umegeuka ukumbi wa panki. Mlangoni ikawa shida: hawajafikia umri wa kunywa, na ndani kuna baa. Ukumbi ukapata njia. Wakachorwa X kubwa nyeusi migongoni mwa viganja, ili mhudumu wa baa akiiona asiwauzie. Waliporudi nyumbani wakazipelekea kumbi za Washington pendekezo hilo: tuchoreni, tuingie, tusikilize muziki, hatutakunywa.

Ni jambo dogo, lakini tazameni lilivyokwenda. Alama iliyowekwa kuzuia ikawa ya kujivunia. Hata waliofikia umri wa kunywa wakaanza kujichora wenyewe, kuonyesha kwamba hawanywi wala hawavuti. Mwaka 1981 bendi iliyofuata ya MacKaye, Minor Threat, ilitoa wimbo "Straight Edge", na jina hilo likabebwa na vijana wa nchi nyingi wanaokataa ulevi. Nimekaa kwenye semina nyingi za kuelimisha vijana kuhusu dawa za kulevya, zenye maji ya chupa na fulana za bure, na sijaona iliyofanya nusu ya kazi ya kalamu ile.

Teen Idles walipovunjika, hela za maonyesho walikuwa wameziweka pamoja badala ya kugawana. Wakazitumia kutoa santuri, na hivyo ikazaliwa lebo ya Dischord, ambayo ipo hadi leo. Ili kujua jalada linatengenezwaje, walibandua la santuri nyingine wakafuata mistari yake. Kisha wakakata, wakakunja na kugundisha kwa mikono, moja moja, maelfu. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto wa gitaa hajifunzi kazi ahesabu hapo mwenyewe: uchapaji, mahesabu, posta, na namna ya kugawana fedha bila kugombana.

Wapo watakaosema huo ni muziki wa Wazungu. Waliowafundisha vijana hao wa Washington kasi na ufundi ni Bad Brains, vijana wanne weusi wa hapo hapo waliotokea kwenye jazi. Na kilima chenyewe kina historia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu weusi waliotoka utumwani walijenga makazi pale, yakaitwa Reno. Miaka ya 1930 serikali ikazidi kuwaondoa, nyumba kwa nyumba, kupisha bustani na shule za watoto weupe. Shule ya watoto weusi ya Jesse Reno, ya mwaka 1903, bado imesimama. Binamu yangu alimwonyesha mwanawe jengo hilo kabla hatujakaa kwenye majani.

Huko huko Virginia, mwalimu wa Kiingereza aitwaye Virginia Grohl alimruhusu mwanawe Dave aache sekondari akazunguke na bendi ya Scream. Dave baadaye alipiga ngoma Nirvana, akaanzisha Foo Fighters, na mwaka 2017 mama akatoa kitabu kuhusu akina mama wa wanamuziki. Mtu asilisome hili kama ruhusa. Nyumbani kwa binamu yangu besi hushikwa baada ya kazi za shule, na mimi nipo upande wake.

Nikiwa pale nilizikumbuka disko toto zetu za Idd na Krismasi, na ile Idd ya Oktoba 2008 Tabora, ambapo watoto wapatao 20 walikufa kwa kubanana ukumbini. Tangu hapo, sikukuu baada ya sikukuu, tumezoea kusikia polisi wakitangaza marufuku. Marufuku ninaielewa. Lakini bendi zetu nyingi zimebaki kupiga baa, usiku, na mtoto anayetaka kumwona mpiga solo akifanya kazi hana pa kwenda.

Wala Fort Reno haikujiendesha yenyewe. Mwaka 2014 waandaaji walitakiwa kulipia polisi wa bustani, gharama ikawashinda, wakatangaza kwamba msimu umefutwa. Wakazi wakapiga kelele, mwakilishi wao katika bunge, Eleanor Holmes Norton, akaingilia, na maonyesho yakaendelea. Mwaka huo huo maktaba ya umma ya jiji ilianza kukusanya kumbukumbu za panki, na bendi zikakaribishwa kupiga maktabani.

Jumamosi kijana alikwenda na baba yake kwenye ukumbi wenye baa. Akarudi na X mbili nyeusi, moja kila mkono. Jumapili mama yake alimkuta kanisani akizificha ndani ya mikono ya shati, akamwambia aziache zionekane. Kufika Jumatano wino ulikuwa bado haujatoka, na sabuni, naambiwa, haikuguswa.