Walisema Kuna Mkono wa Mtu

Hapa Kiomboi wote wananiita Mwalimu. Nilifundisha shule za msingi Iramba hadi nikastaafu, na sifa yangu ilikuwa moja: simsahau mwanafunzi. Nilipovuka miaka sitini, sifa hiyo ikaanza kunitoka. Mtu ananiamkia, "Shikamoo Mwalimu," nami namtazama kama mgeni. Nauliza bei ya alizeti, najibiwa, nauliza tena. Siku moja nikitoka mnadani nikapotea njia ya kwangu.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema ni uzee. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu, maana mwaka ule nilikuwa nimevuna vizuri.

Binti yangu yeye aliangalia mengine: kiu isiyokwisha, kuamka usiku kwenda haja ndogo, mwili kukonda ilhali nakula. Akanipeleka hospitali asubuhi, sijatia kitu mdomoni. Kidole kikatobolewa, kipimo kikasoma 15. Kabla ya kula, kuanzia 7 ni kisukari.

"Mzee wangu," daktari akasema, "ubongo ni mdogo, lakini unakula kama sehemu moja ya tano ya nguvu ya mwili. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu: ya macho, ya figo, na ya ubongo pia."

Nikamwuliza kama si uzee tu. Akanipa hesabu ya wazee wa miaka 70 na zaidi waliochunguzwa wilayani Hai, Kilimanjaro: waliokuwa na ugonjwa wa kusahau hawakufika 7 katika kila 100. Waliobaki walikuwa wazee vilevile.

Nilidhani nitakatazwa ugali. Muuguzi akasema, "Kula, Mwalimu, ila ugali upungue, mlenda na maharage viongezeke." Sembe nikaiacha, nikashika dona na uwele, navyo kwa kiasi, kwa kuwa uwele pia ni wanga. Soda za harusini nikazikataa. Kilichoniuma ni asali. Singida tunaihesabu dawa, lakini mwilini nayo ni sukari.

Jaribu kubwa lilinikuta nikiwa tayari kwenye dawa. Nilimeza vidonge, chakula kikachelewa kufika shambani. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nikaanza kusema yasiyoeleweka. Mjukuu wangu, aliyefundishwa dalili hizo, akaninywesha maji ya sukari nikarejewa na fahamu. Sukari ikishuka mno, ubongo unakosa chakula, na kushuka mara kwa mara nako hudhoofisha kumbukumbu.

Leo sukari yangu imetulia. Sikurudishiwa yote, majina mengine hayaji tena. Lakini mnadani naenda na kurudi mwenyewe, na hesabu za kikundi chetu cha alizeti naziandika mimi. Mzee wenu akianza kurudia swali lilelile, mpelekeni akapimwe kabla hamjamtafutia mchawi.